Wasomaji Wauliza: Damu Ikivilia, Mwingereza Husemaje?

Toleo lililopita tulitenganisha “wound” na “injury”, kisha “bruise” tukaipitia juujuu kwa kusema tu kwamba hiyo ni ya damu iliyovilia. Barua zilizofuata zimeonyesha kwamba hapo ndipo wengi walipokwama. Tumezifupisha, hatukuzibadili.

Mkalimani wa hospitali, Ohio, Marekani: Nakalimania wagonjwa wanaosema Kiswahili, wengi wametoka Kongo. Wauguzi wana swali lao hawaliachi: “Do you bruise easily?” Mimi husema, “Unaumia haraka?” Karibu kila mtu hujibu ndiyo. Nahisi kuna mahali nateleza.

Unateleza kwenye kitenzi. Hapo “bruise” haina maana ya kuumia. Kwa Kiingereza embe “bruises” na mtu pia “bruises”, ingawa si embe wala mtu anayefanya lolote: maana yake ni kwamba kikigongwa hubaki na baka. Muuguzi anatafuta dalili za damu isiyoganda vizuri, labda kwa sababu ya ini, upungufu wa chembe za kugandisha damu, au dawa kama aspirini na warfarini. Ukimuuliza mtu aliyetembea kutoka Kivu hadi kambini kama huumia haraka, atakataaje? Jibu linaingia kwenye faili, na mgonjwa anatolewa damu ya vipimo kwa kosa la neno moja.

Uliza hivi: “Ukigongwa kidogo tu, damu huwa inavilia chini ya ngozi? Huwa unajikuta na mabaka usiyojua yametoka wapi?” Ni sentensi mbili kwa moja ya muuguzi, lakini ndizo zinazobeba alichouliza. Kwa asiyelijua neno “kuvilia”, sema waziwazi kwamba damu inabaki ndani ya ngozi, pasipo kidonda, inaacha alama. Aliyepitia shule ya Kifaransa huenda akakumalizia mwenyewe kwa kusema “bleu”, maana Wafaransa huliita baka hilo kwa rangi yake.

Mtego wa pili ni “chubuko”. Kamusi nyingi zimeliweka sambamba na “bruise”, lakini mtu akikuambia amechubuka goti, ngozi ya juu imetoka. Hiyo kwa Mwingereza ni “graze”, kwa Mmarekani “scrape”. Kwenye “bruise” ngozi ni nzima. Kilichopasuka ni mishipa midogo ya damu iliyo chini yake. Mgonjwa akisema “nimechubuka” nawe ukatoa “bruise”, hakuna atakayekumbuka kusafisha kidonda wala kuuliza habari ya chanjo ya pepopunda.

Madaktari wenyewe wana safu yao ya maneno, na hayabadilishani nafasi. “Contusion” ni “bruise” iliyovaa koti jeupe: limetoka kwenye Kilatini cha kutwanga pamoja. “Petechiae” ni vidoa vidogo kama ncha ya pini, chini ya milimita 3. “Purpura” ni vya milimita 3 mpaka 10. “Ecchymosis” ni baka bapa lililozidi sentimita 1, na jina lake ni la Kigiriki cha umajimaji uliomwagika nje. “Haematoma” ni damu iliyokusanyika mahali pamoja ikafanya uvimbe unaoshikika. Ukisikia neno moja kati ya haya usilishushe likawa “alama” tu. Taja na ukubwa.

Na rangi usiiongeze wewe. Mgonjwa akisema “pamekuwa peusi”, sema hivyo hivyo, hata kama “black and blue” inakuja mdomoni yenyewe. Damu iliyovuja huvunjwavunjwa na mwili: wekundu wake hugeuka rangi ya kijani, kisha ya manjano, na chuma kinachobaki huacha hudhurungi. Umanjano hauonekani kabla ya kama saa 18, na zaidi ya hapo rangi haiwezi kutaja siku ya kipigo. Katika kesi ya mtoto anayedhaniwa kupigwa, neno la rangi ulilolitia wewe kwa kupendezesha linaweza kusomwa mahakamani. Kwenye ngozi nyeusi kijani na manjano huenda visionekane kabisa. Hapo kinachosemwa ni uvimbe, joto, na maumivu ya kubonyezwa.

Jambo la mwisho kwako, kwa kuwa uko Marekani: “charley horse”. Si farasi. Ni msemo wa wachezaji wa besiboli ulioanza kuonekana magazetini miaka ya 1880, na hadithi za farasi gani aliyeitwa Charley ni nyingi kuliko farasi wenyewe. Siku hizi Mmarekani wa kawaida akilitamka anamaanisha kubanwa na msuli, mara nyingi wa shavu la mguu, usiku. Lakini kwa makocha na waganga wa michezo ni paja lililopigwa goti mpaka damu ikavilia ndani ya msuli. Jeraha hilo la pili Mwingereza huliita “dead leg”, Mwaustralia “corkie”. Kwa hiyo kabla ya kukalimani uliza: amegongwa, au amebanwa tu?

Tofauti hiyo inaamua tiba. Aliyebanwa hunyoosha msuli, hukandwa, huwekewa maji ya moto. Aliyegongwa hakandwi wala hawekewi joto siku mbili tatu za mwanzo. Anawekewa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20 kwa awamu, na goti linakunjwa hadi kama nyuzi 120 na kufungwa bandeji likae hivyo katika saa 24 za kwanza, ili msuli wa mbele ya paja usigande ukiwa mfupi. Akikandwa mapema, damu ile inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli, na hapo mchezaji anakaa nje kwa miezi.

Mwalimu wa Kiingereza, Kakamega: Katika insha za wanafunzi wangu hakuna anayepigwa bila kuwa “black and blue”. Mmoja ameniuliza buluu ilitoka wapi na kwa nini weusi unatangulia. Sikuwa na jibu.

Zamani haikuwa buluu. Kiingereza cha kati kilisema “blak and blo”. Hilo “blo” lilitoka kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, walioita “blár” rangi ya buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, rangi ya risasi. Katika karne ya 16 “blo” likaanza kufa, na watu wakaweka “blue” mahali pake kwa kuwa sauti zilikaribiana. Kwa hiyo mpangilio ulirithiwa pamoja na mdundo wake, na mwanafunzi akiugeuza atakuwa sahihi kisarufi lakini atasikika kama mtu asemaye “nyasi na majani” pale wenzake wasemapo “majani na nyasi”.

Msemo ulishachoka tangu enzi za Shakespeare. Kwenye mchezo wake wa wanawake wa Windsor, mama mmoja anasimulia jinsi mwenzake alivyopigwa “black and blue” hata huoni doa jeupe mwilini. Falstaff, ambaye mwenyewe ametoka kupigwa akiwa amevaa nguo za kike, anamkata: unaniambia nini habari za nyeusi na buluu, mimi nimepigwa mpaka nikawa na rangi zote za upinde wa mvua! Msomee mwanafunzi wako kipande hicho. Kisha mpe vitenzi vinavyotumika kweli: “he bruised his shoulder”, “a bruise came up on his arm”, “badly bruised ribs”. Baka liko “on” mkono, si “in”. Na likiwa la kiboko, lenye mstari ulioinuka, si “bruise” bali ni “weal” au “welt”. La kwanza limezaliwa na “wale”, neno la kale la tuta. La pili lilikuwa la washona viatu, ule ukanda wa ngozi unaounganisha soli na sehemu ya juu, kabla halijahamia mgongoni mwa watoto.

Mzee wa kanisa, Mombasa: Biblia yangu ya Kiingereza ya 1611 inasema mzao wa mwanamke “shall bruise thy head”. Nyoka anaachiwa baka kichwani tu? Ya Kiswahili inasema ataponda.

Ya Kiswahili ndiyo iliyokupa maana ya mwaka 1611, mzee wetu. Mzizi wa “bruise” ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, “brysan”, kuponda, kilichokutana na kitenzi cha Kifaransa cha kuvunjavunja wakaungana. Kwa karne nyingi “bruise” ilikuwa kazi ya kinu na mchi. Jina la baka lenyewe lilizoeleka karne ya 16 tu, na baadaye likameza maana nyingine zote, mpaka leo msomaji anapomwona nyoka ameachiwa alama ya buluu.

Toleo la Union, Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, lilishika njia mbili. Mwanzo 3:15 na Isaya 42:3 kuna kuponda: “Mwanzi uliopondeka hatauvunja.” Lakini Isaya 53:5 inasema “Alichubuliwa kwa maovu yetu”, na 1:6 ina “machubuko”. Katika 53:5 neno la Kiebrania ni la kusetwa na kusagwa, na Kiingereza cha 1611 kilibeba uzito huo. “Kuchubuliwa” kwa sikio la sasa ni kupoteza ngozi ya juu, jambo dogo kwa aya nzito namna ile. Tungekuwa sisi tungeandika “alipondwa”. Lakini watu wameshaliimba neno hilo, na hakuna kamati inayopenda kugusa kilichoimbwa.

Mkufunzi wa ngumi, Temeke: Makocha wa kigeni wakiona uvimbe chini ya jicho husema “he's got a mouse”. Panya anaingiaje? Na kama mna maneno mengine ya ulingoni ya zamani, tupeni.

“Mouse” imekuwa jina la uvimbe wa jicho tangu miaka ya 1840, na hadi leo pembeni ya ulingo ina maana mahususi: kinundu cha damu juu ya mfupa wa shavu, chini ya jicho, kilichojitokeza ghafla. Jicho lote lililozungukwa na weusi ni “black eye”. “Shiner” ni hilo hilo kwa mzaha, na limeenea tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake “shiner” ilikuwa sarafu au chochote king'aacho.

Ukirudi nyuma utakuta hazina. “Bruiser” ni bondia mwenyewe, neno la miaka ya 1740, wakati Jack Broughton alipokuwa akitawala ngumi za London na kuandika kanuni zake za 1743. Enzi hizo walipigana mikono mitupu, na macho kufumba ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kushindwa. Broughton mwenyewe aliondokea hapo: mwaka 1750 Jack Slack alimpiga katikati ya macho, yakavimba yakafunga, akawa anapapasa asimwone mpinzani, na mfadhili wake, mtoto wa mfalme, akapoteza fedha nyingi za kamari. Kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapwa 1785, imeyaita macho “daylights”, mwanga wa mchana. Kumtia mtu giza “daylights” zake, au kumshona macho, ni kuyafumba kwa ngumi. Ndiko ulikotoka msemo “to beat the living daylights out of someone”, ambao leo wengi huutumia bila kujua kwamba ulianzia machoni.

Damu nayo iliitwa “claret”, yaani divai nyekundu ya Kifaransa, na kumtoa mtu damu ilikuwa kufungua bomba la pipa lake. Tunalopenda zaidi ni la karne ya 19: aliyevimba jicho moja alisemwa yuko “in half-mourning”, nusu ya msiba, mawili, msiba kamili. Enzi za Malkia Victoria mjane alivaa nyeusi tupu kwanza, kisha akashuka kwenye kijivu na zambarau, na mtu aliyewahi kutazama jicho lililopigwa siku baada ya siku ataona utani ulivyokaa mahali pake.

Sasa kazi. “Mouse” hutulizwa kwa “enswell”, kipande cha chuma chenye mpini kinachokaa kwenye barafu. Una sekunde 60 kati ya raundi, na nusu yake huishia kumfuta na kumkalisha, kwa hiyo chuma kiwe mkononi kabla kengele haijalia. Futa jasho, weka chuma moja kwa moja juu ya uvimbe, bonyeza kwa uthabiti na utulie. Kosa linalofanyika sana ni kuusukuma uvimbe kuelekea sikioni kama anayepiga pasi. Damu haihami kwa kusukumwa. Unachopasua ni mishipa zaidi, na raundi inayofuata jicho limefunga. Wasaidizi wa zamani walichana uvimbe kwa wembe ili jicho lifunguke. Usijaribu. Nyama mbichi juu ya jicho nayo haina dawa yoyote ndani yake ila ubaridi, na imejaa vijidudu. Baada ya pambano ni kitambaa chenye barafu, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku moja mbili, na bondia asipenge kamasi. Akipenga na kope likafura papo hapo, au akaona vitu viwili viwili, mfupa wa tundu la jicho huenda umevunjika. Hapo ni hospitali.

Muuguzi, Glasgow, Scotland: Mzee mmoja ameniambia ameanguka, ana “a keeker” na “a clour”. Nilitabasamu tu. Alikuwa anasema nini?

Dada, alikuwa anakupa ripoti kamili. “Keek” kwa Kiskoti ni kuchungulia. “Keeker” ni jicho jeusi, lile linalochungulia kupitia mwanya mdogo uliobaki. “Clour” ni nundu ya kichwani iliyotokana na pigo. Ukisikia “blae”, ni ile “blár” ya Wanorse tuliyomwambia mwalimu wa Kakamega, ambayo Kiingereza cha kusini kiliipoteza lakini Waskoti wakaitunza: rangi ya ngozi iliyopigwa au iliyokufa ganzi kwa baridi. Ipo hata kwenye “blaeberry”, tunda dogo la porini lililo jamaa ya rangi na zambarau letu, nasi tulilichukua zambarau kuwa jina la rangi vilevile. “Birse” ni kugandamiza hadi kuumiza, na “dunt” ni pigo zito lisilo na ncha.

Kusini mwa Uingereza wazee wa mashamba waliita vilio la damu la kuanguka “squat”, kwa kuwa neno hilo lilianza na maana ya kubana na kubapaza kabla halijawa mazoezi ya kuchuchumaa. Wamarekani nao nundu ya kichwani ni “goose egg”, yai la bata bukini, au “pump knot” kwa watu wa kusini mwao, na uvimbe wa unyayoni wa watoto waliotembea peku ni “stone bruise”.

Kwa mzee wako, “clour” ni sababu ya kuuliza mambo mawili papo hapo: alipoteza fahamu, na je, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Mtazame pia macho yote mawili na nyuma ya masikio. Weusi wa macho mawili kwa mtu ambaye hakupigwa usoni huitwa “panda eyes” huko, “raccoon eyes” Marekani, na vilio nyuma ya sikio huitwa “Battle's sign” kwa jina la daktari wa upasuaji William Henry Battle, wala si kwa vita. Vyote viwili huashiria kuvunjika kwa sakafu ya fuvu, na huweza kuchelewa siku nzima au zaidi, kwa hiyo kutokuwepo kwake asubuhi ya kuanguka si ruhusa ya kwenda nyumbani.

Msomaji, Unguja: Kwetu wapo wasemao ukiamka na baka bila kugongwa, umefinywa na jini. Waingereza walikuwa na neno la jambo hili?

Walikuwa nalo, na imani yenyewe. Waskoti waliliita “dead-nip”, mfinyo wa maiti. Waingereza waliwatwisha vibwengo. Kwa Shakespeare, mtumishi mmoja mjini Efeso anahofia kwamba asipowatii watawafinya “black and blue”, na kwingine vibwengo wanaamriwa wawafinye vijakazi walioacha majivu mekoni bila kufagia, wawe buluu kama tunda la “bilberry”. Hilo ndilo “blaeberry” la Waskoti. Angalia nani alifinywa: mtumishi, kwa ukaidi au kwa uzembe. Mwenye nyumba aliyekuwa na mkono mwepesi alipata maelezo mazuri ya mabaka ya kijakazi wake.

Baka moja pajani huenda ni kona ya kitanda. Yakija mengi, mahali usipogongwa, pamoja na fizi au pua kutoka damu, nenda ukapimwe damu. Na vidoa vikitokea pamoja na homa, bonyeza glasi safi juu yake: visipofifia chini ya glasi, kimbilia hospitali usiku huohuo, kwa kuwa inaweza kuwa maambukizi ya damu ya vijidudu vya uti wa mgongo.

Kijana, Nairobi: “Hickey” na “love bite” ni kitu kimoja?

Kimoja. La kwanza la Marekani, la pili la Uingereza. “Hickey” lilikuwa chunusi kabla ya kuwa la mapenzi, na wachapaji bado huita hivyo doa linalotokea kwenye karatasi kwa sababu ya vumbi. Kwa mwili ni vilio la kawaida, na kulisugua kwa kijiko au sarafu, kama wanavyoshauriana mitandaoni, kunaliongeza.

Katibu muhtasi, Kampala: Bosi ameandika “I am livid”. Kamusi inaniambia ni rangi ya vilio. Amepigwa?

Hapana, amekasirika sana. Kilatini “lividus” ni rangi ya risasi, na kwa karne nyingi Kiingereza kilisema hivyo kuhusu nyama iliyopigwa. Weusi wa upande aliolalia maiti hadi leo ni “livor mortis”. Hasira iliingia kupitia uso uliopauka kwa ghadhabu. Siku hizi wengi hudhani ni wekundu. Vyovyote iwavyo, ijibu barua yake leo.

Mpishi, Tanga: Kitabu cha mapishi kinasema “bruise the lemongrass”. Nimepiga mpaka ukawa uzi na mchuzi ukajaa nyuzi. Nimekosea wapi?

Umeponda kama anavyoponda mtu wa Mwanzo 3:15. Jikoni neno limebaki na maana yake ya kale, lakini limepunguzwa nguvu: kupasua vifuko vya mafuta bila kukitawanya kitu chenyewe. Ndivyo vilevile kwa “bruised ginger”, na zamani kwa “bruised oats”, shayiri ya farasi iliyopitishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma ili ganda lipasuke tu, isisagwe kuwa unga. Mashine hiyo iliitwa “oat bruiser”, ndugu wa mbali wa mabondia wa Temeke.

Hata waganga wa mitishamba walilitumia pande zote mbili, la kuponda na la kuponya. Ua dogo la “daisy” liliitwa “bruisewort”, jani la vilio. Na John Gerard, katika kitabu chake cha mimea cha 1597, alisifu mzizi wa “Solomon's seal” uliopondwa ukiwa mbichi kwamba unaondoa kwa usiku mmoja au miwili mabaka meusi na ya buluu ya kuanguka, au ya wanawake waliojikwaa kwa ukaidi wao kwenye ngumi za waume zao wenye haraka. Aliandika hivyo kama mzaha, na vitabu vilinakiliana mzaha huo kwa miaka mingi.

Turudi kwenye sufuria. Kata mchaichai sehemu nyeupe ya chini, kama sentimita 10, uvue maganda mawili ya nje yaliyokauka. Laza ubapa wa kisu kikubwa juu yake, au tumia mchi kwa upande wake, upige mara tatu au nne ukihama kutoka shina kwenda juu. Ukisikia mlio wa kupasuka na harufu ikapanda, acha. Bua libaki limeshikamana; likunje, ulifunge fundo, ulitumbukize tui la kwanza linapoanza kuchemka. Dakika 20 zinatosha. Lishike fundo lake ulitoe zima kabla ya kupakua.